Kuba Isiyoitika Hodi

Sultani Badrani bin Uthaimini ndiye aliyetawala mji wa Kundubari, mji wa kuta nyeupe na bustani za mikomamanga, na Mola alimruzuku mali na heshima na binti mmoja tu, Siti Nargisi, ambaye watu walimsema kuwa anashuku hata kivuli chake. Mimi simlaumu, kwa maana mwenye shaka huitwa mkorofi mpaka siku shaka yake itakapowaokoa waliomcheka.

Basi akaja tajiri mgeni, Zakwani bin Ramli, kumposa binti huyo, akasimamisha katika uwanja wa kasri kuba ya kitambaa chembamba, na akasema kuwa ndani yake umo mji wake. Na kweli, kila aliyeingia alijiona amesimama katikati ya mji wa mbali. Akigeuka kulia aliona masoko, akigeuka kushoto aliona chemchemi, akiinua uso aliona mbingu na njiwa, na akipiga hatua mji ulimfungulia njia, mpaka akafika penye jumba lenye mlango wa nakshi za dhahabu. Tajiri akaeleza kuwa jumba hilo ni lake, na kwamba amemletea Sultani aone mahali atakapokaa binti yake, asiisumbue miguu yake tukufu kwa safari. Sultani akapumbaa kwa furaha.

Siti Nargisi akaingia pamoja na tajiri, akaona njiwa hawamalizi kutua, na watu wa ukumbini, kama watumishi, mmoja ana sinia, hawageuzi shingo. Alipofika mlangoni alivua viatu na kubisha hodi, kama alivyolelewa. Kimya. Akabisha ya pili na ya tatu, na kwa kuwa hodi tatu zisipoitikwa mgeni hurudi, akavaa viatu vyake akarudi. Tajiri akacheka, akasema nyumba yake haitaki hodi, na hapo moyo wa binti ukashtuka, kwani hajapata kuona mwenye nyumba asiyependa kukaribisha.

"Baba," akasema walipokuwa wakila, "mji ule uko karibu sana, lakini hauna karibu."

Sultani akamtania kuwa mchagua nazi hupata koroma, na asubuhi yake akaingia kubani peke yake. Na tangu lini sultani akabisha hodi? Milango hufunguliwa kabla hajaifikia. Akavuka kizingiti, na hakutoka tena.

Tajiri akaja barazani ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa bandia. "Ewe Siti, baba yako amependezwa na kule, na ameniachia mji huu pamoja nawe. Ndoa itafungwa leo."

Wazee wa baraza wakatazama zulia. Siti Nargisi akaomba ruhusa ya kumuaga baba yake, akaingia kubani, akasimama mlangoni pasipo kuvuka, na akamwona Sultani ukumbini, ameinua mguu, anatabasamu, shingo haigeuki. Alilia sana. Kisha akafuta machozi akawatazama wengine vizuri, na huyu amevaa kilemba cha mji fulani, na yule ni bibi arusi mwenye hina mbichi mikononi, akajua kuwa wale si watumishi, bali ni wageni walioingia bila kukaribishwa.

Ndipo jini wa kuba akamtokea, kichwa chake kikigusa mawingu, na binti akamwuliza mwenye nyumba yuko wapi.

"Ni yule kijana mwenye sinia," akajibu jini. "Nilimnasa siku nilipoinasa sura ya jumba lake, kwani tajiri ni bwana wangu na amri yake siwezi kuivunja. Sura naweza kuibeba. Karibu ya mtu siwezi. Hawa hawatatoka mpaka wakaribishwe kwenye nyumba ya kweli, na mimi sina nyumba."

Binti akatoka na uso mkunjufu, akamwambia tajiri kuwa ameridhika, ila mila ya Kundubari haitoi mwari pasipo kuelekea mlango wa baba yake, basi kuba isogezwe itazamane na mlango wa kasri. Tajiri, kwa tamaa, akaisogeza mwenyewe. Siti Nargisi akasimama kizingitini pao, akasema, "Karibu, Baba."

Shingo ya Sultani ikageuka. Akatoka akiuliza kama kahawa iko tayari. Mwingine angeishia hapo, lakini binti alitazama tena ndani ya kuba, akasema, "Karibuni."

Ni ile *ni* tu aliyoiongeza, na kila aliyeisikia mle ndani ikamhusu. Akatoka bibi arusi, akatoka mwenye kilemba, akatoka kijana na sinia yake, jina lake Mundhiri, na wa mwisho akatoka jini, ameinama apate kupita mlangoni, analia, kwa sababu tangu kuumbwa kwake hakuna aliyemwambia neno hilo. Zakwani akakimbilia ndani kuliokoa jumba, bila hodi, na kuba isiyo na jini ikanywea ikajikunja naye.

Mundhiri akamposa Siti Nargisi, naye akasema haolewi kwa picha ya nyumba. Akafunga safari na baba yake mpaka mji ule, akavua viatu mbele ya mlango wa dhahabu, akabisha hodi.

"Karibuni!" mama yake Mundhiri akaitika kutoka jikoni. "Angalieni ngazi, moja imevunjika."

Kwenye kuba ngazi zote zilikuwa nzima. Siti Nargisi akacheka, akaingia, na harusi ikaliwa katika miji yote miwili, na wakapata mali na watoto.

Nawe unayesikiliza, nyumba ya mtu usiijue kwa macho tu, ngoja uitikwe. Ile kuba imekunjwa sandukuni katika kasri la Kundubari, na anayeweka sikio juu ya kifuniko humsikia mtu akibisha hodi. Wameshalelewa wajukuu mle kasrini, wote wenye adabu njema, na hakuna hata mmoja aliyemwitika.