Tenga la Nkwimba

Mhurumia shingo hukaba koo.

Ndivyo alivyosema Bi Kalekwa asubuhi, alipomwona jirani yetu amebeba begi la shule la binti yake, na binti mwenyewe, msichana mzima, yuko mbele anarusha mikono kama bibi harusi. Mkacheka sana, kisha mkaja kuniuliza hiyo ni shingo ya nani na koo la nani. Haya, kaeni. Karanga hizi hapa za kumenya. Asiyetaka kumenya asije akazila. Methali hii ilianza hivi.

Zamani huko Usukuma alikuwapo mtu akiitwa Shigela. Maradhi yaliingia nyumbani kwake yakamchukua mkewe na wanawe wawili, yakamwachia binti mmoja, Nkwimba, na huyo naye yakamwachia mguu wa kulia usiokunjika vizuri. Shigela akaapa moyoni kwamba mtoto huyu hatataabika tena. Kisimani hakwenda. Mchi hakuushika. Akigusa jembe, baba anampokonya kwa upole na kumwambia apumzike. Basi Nkwimba akapumzika mpaka akawa mwanamke mzima, wenzake wote wameolewa, yeye yuko mlangoni anasuka matenga. Kusuka alikubaliwa, maana ni kazi ya kukaa, na baba yake hakuihesabu kuwa kazi.

Watu walipomshauri Shigela amwache binti ajaribu mambo, aliwauliza kama wao wamewahi kuzika watatu kwa mpigo. Sasa hapo utajibu nini? Wakaenda zao.

Kitu kingine alichokipenda ni ng'ombe wake wawili wa kukokota, Kijivu na Madoa. Na ninyi mnatujua sisi Wasukuma na ng'ombe. Mtu anaweza kusahau jina la shemeji yake, lakini rangi ya ndama aliyeuzwa na babu yake anayo kichwani.

Ikaja miaka ya ukame. Visima vikakauka, malisho yakaisha, na nyumba kadhaa zikakubaliana kuhama pamoja kwenda ng'ambo ya milima, ambako walisikia kuna mito. Kiongozi wa msafara alikuwa mzee Bulugu, mtu wa maneno machache. Kila mmoja akapakia mkokoteni wake.

Sasa sikilizeni vizuri, ninyi mliozoea pikipiki. Mkokoteni wa ng'ombe una magurudumu mawili tu. Mbele unatoka mti mrefu unaopita kati ya ng'ombe, na mwisho wa mti huo hufungwa nira, inayokaa juu ya shingo zao. Chini ya koo hupita ukanda wa ngozi wa kushikilia nira isichomoke. Ukipakia mzigo mbele, nira inalemea. Ukipakia nyuma, nira inakuwa nyepesi. Watu wengine walipakia huku na huku, lakini Shigela, kwa mapenzi yake, alisukuma kila kitu nyuma, kisha akamkalisha Nkwimba nyuma kabisa, juu ya furushi la ngozi. Nira ikawa kama inaelea. Akawapigapiga ng'ombe wake mgongoni, akawaambia wenzake kwamba wao wanawatesa wanyama, wa kwake wanakwenda matembezi.

Nkwimba aliomba mambo mawili kabla hawajaondoka. Aliomba atembee mbele awaongoze ng'ombe, na aliomba tenga lake kubwa lifungwe kwenye ule mti wa mbele, litiwe majembe na jiwe la kusagia, kwa kuwa nyuma kumejaa mno. Baba akakataa yote mawili. La kwanza alisema mguu hautaweza. La pili alisema shingo za ng'ombe wake si kigingi cha kutundikia matenga. Tenga likatupwa juu ya mafurushi likiwa tupu.

Kwenye tambarare mambo yalikwenda vizuri. Shigela alikuwa anapiga mluzi. Wakafika chini ya mlima, wakakuta dimbwi walilolitegemea limebaki tope. Mzee Bulugu akawakusanya, akasema kila mkokoteni uvuke siku hiyo hiyo. Maji yako ng'ambo. Atakayeshindwa kupanda hatangojwa, kwa sababu kumngoja mmoja ni kuua mifugo ya wote, na itambidi arudi alikotoka. Hakuna aliyeuliza maana yake. Kule walikotoka hapakuwa na kitu cha kurudia isipokuwa vumbi.

Mikokoteni ikaanza kupanda, wa Shigela ukiwa wa mwisho. Hawajafika hata nusu ya mlima, Kijivu akaanza kukoroma. Shigela akadhani amechoka, akambembeleza. Mara ulimi ukatoka nje, macho yakageuka meupe, miguu ya mbele ikapiga goti. Shigela akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Akafikiri, nira imemlemea. Akaona gunia moja la mtama lililokosa nafasi nyuma likabaki mbele, akalivuta na kulitupa chini ili ampunguzie mzigo. Maskini ya Mungu. Alipolitupa lile gunia, Kijivu akakoroma zaidi, akalala ubavu, akimvuta na Madoa.

Mbele yao mikokoteni ya wenzao ilikuwa inazidi kwenda. Shigela akaangalia ng'ombe, akaangalia njia, akaanza kulia hadharani, mtu mzima yule. Aliwaona tena wale watatu aliowazika. Akajiona anamrudisha wa nne kwenye ukame akamzike huko.

Hapo Nkwimba akashuka. Hakuomba ruhusa, aliteleza tu chini kutoka juu ya furushi. Alipotoka, nyuma ikawa nyepesi, mti wa mbele ukashuka kidogo, na Kijivu akavuta pumzi moja ndefu. Nkwimba akaja mbele akichechemea, akainama, akapitisha vidole kati ya ukanda na koo la ng'ombe.

"Baba," akasema, "nilikuwa nahisi nikiwa kule juu. Tukipanda, nyuma inazama, mti unapaa. Nira haipo shingoni kabisa. Anavuta kwa koo."

"Rudi ukakae, mama. Mguu wako."

"Nikirudi atakufa. Nipe kamba nifunge tenga huku mbele."

"Ng'ombe anakata roho, wewe unataka kumwongezea mzigo?"

"Ndiyo, baba. Mwekee mzigo shingoni, apate kupumua." Kisha akasema lile alilokaa nalo miaka yote. "Unanihurumia, najua. Lakini na mimi sipumui."

Shigela alisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji. Alitaka kukasirika, hasira haikuja. Alitaka kumwambia nimefanya yote kwa ajili yako, na hilo lilikuwa kweli, ndiyo sababu lilimwuma. Mwisho akaenda nyuma, akalishusha lile tenga, akaleta na kamba.

Walilifunga wote wawili juu ya mti, karibu na nira. Wakatia majembe, wakatia jiwe la kusagia, wakatia na sufuria. Huko mbele kabisa kitu kidogo kina nguvu nyingi, hata hawakuhitaji kulijaza. Mti ukashuka polepole. Nira ikakaa shingoni kwa uzito wake wote, na ukanda ukalegea kooni. Shigela alifumba macho kwa uchungu kuona mti ule unavyomkandamiza mnyama wake. Alipofumbua, Kijivu alikuwa amesimama, anajilamba pua.

Nkwimba akashika kamba ya kuongozea. Baba yake akaenda kusukuma gurudumu. Wakapanda. Nkwimba aliuburuta mguu, mara mbili aliteleza, na mara zote mbili Shigela aling'ang'ania spoku za gurudumu ili asimkimbilie. Nawaambia, kitu kizito kuliko vyote alichokisukuma siku ile hakikuwa mkokoteni.

Walifika juu jua likiwa bado lipo. Wenzao walikuwa wamepumzika, na chini kidogo upande wa pili kijito kilikuwa kinang'aa. Nkwimba akakaa juu ya jiwe, anahema, nguo imelowa jasho, anacheka peke yake. Wanawake wakamzunguka, pole, pole mama, na mmoja akachukua kibuyu akamchotee maji.

Shigela akamzuia, akakichukua kile kibuyu mkononi mwake. Akamwendea binti yake.

"Mama," akasema, "nina kiu. Niletee maji."

Nkwimba alimtazama. Katika maisha yake yote baba yake hakuwa amewahi kumtuma kitu. Akainuka, akapokea kibuyu, akaanza kuteremka kuelekea kijitoni, hatua yake ile ile ya kuchechemea, kichwa kiko juu.

Mzee Bulugu akamgeukia Shigela kwa ukali. Akamwuliza ana moyo gani, binti amepanda mlima mzima kwa mguu ule, hata hajapumzika, anamtuma tena maji?

Shigela hakuacha kumtazama mwanawe anavyoshuka. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hayafuti.

"Mwache aende, mzee," akasema. "Mhurumia shingo hukaba koo."