Ndoo za Bi Mashavu

"Kisima ni cha wote, kizingiti ni cha mwenyewe." Methali hii ilianza hivi. Sogeeni, na wewe Tunu weka simu chini. Si ulitaka kusambaza hati ya kesi ya jirani kwenye kundi la mtaa, ukadai mahakama iko wazi kwa kila mtu? Mjomba wako akakutupia methali hii ukabaki umetoa macho. Basi sikiliza ilikotoka.

Palikuwa na mji mdogo ukiitwa Kwedifunda, wenye kisima kimoja na fundi redio mmoja, Semboja. Juu ya paa la kibanda chake alikuwa amefunga kipaza sauti. Mtu akifa, Semboja anatangaza. Mbuzi akipotea, Semboja anatangaza. Alipendwa kwa hilo, na kupendwa kukamlevya.

Mwaka mmoja ofisi ya kata ikagawa viwanja. Habari za kila mwombaji zilibandikwa ukutani, ili mwenye pingamizi ajitokeze mapema. Lilikuwa jambo la haki kabisa, na sitaki mtu aseme nimelipinga. Lakini Semboja aliona amepata chakula cha kipaza sauti. Siku ya gulio, wageni wamejaa mpaka njiani, akazisoma habari zile neno kwa neno na kutia chumvi zake.

"Nyange, mshona nguo! Katokea Mkonde, anaishi peke yake na wanawe, nyumba ya mlango unaotazama kisima. Vijana mpo?"

Watu wakacheka. Nyange aliacha kitambaa kwenye cherehani akaingia ndani. Mume alikuwa naye huko Mkonde. Alimkimbia baada ya kuvunjwa mkono na kuahidiwa kwamba siku nyingine itakuwa shingo. Tangu hapo mume hakujua alikokwenda mkewe. Lakini gulioni siku ile walikuwamo wachuuzi wa Mkonde, na mdomo hauna kufuli. Haikupita wiki Nyange akaletewa habari kwamba mumewe atakuja na lori la gulio lijalo.

Bi Mashavu, msimamizi wa kisima, alimkuta akifunga mizigo huku watoto wakilia. Walikuwa wameanza kuuzoea mji, maskini, na sasa wanahamishwa tena. Bi Mashavu akatoka hapo moja kwa moja mpaka kwa Semboja.

"Mwanangu, umemtoboa mwenzio."

"Nimetoboa siri gani, mama? Ukutani pamebandikwa. Ni ya wote."

"Ya wote?"

"Ya wote!"

Bi Mashavu akageuka. Alirudi kisimani, akanong'onezana na wenzake, na muda si muda wanawake wakaja wamejitwika ndoo. Ya kwanza ikamwagwa kizingitini kwa Semboja, pwaa! Ikafuata nyingine, na nyingine. Sakafu ya udongo ikageuka tope, kuku wakapanda juu ya meza ya redio. Semboja akatoka mbio, kiatu kimoja kimebaki kwenye matope.

"Mama Mashavu! Mmepatwa na nini? Mbona mnanimwagia maji?"

"Maji gani?"

"Haya ya kisima!"

"Kisima ni cha nani?"

"Cha wote!"

"Basi tumeiba? Tumechota mchana kweupe, kila mtu anaona. Nisogezeeni ndoo hiyo, wenzangu!"

"Kisima ni cha wote," Semboja akapiga kelele, "lakini kizingiti ni changu!"

Bi Mashavu akaweka ndoo chini taratibu.

"Rudia, baba. Sema na kwenye kipaza sauti, Nyange asikie. Anafunga mizigo."

Semboja akautazama mlango wake, akautazama ule unaotazama kisima. Aliona aibu, na aibu ile ilimfaa. "Kisima kilichimbwa tunywe," Bi Mashavu akamwambia, "na karatasi zile zilibandikwa ili haki itendeke. Hazikubandikwa ummwagie mtu nyumbani kwake."

Siku ya gulio lori likafika. Mume akashuka na fimbo yake, akamwendea mwenye sauti aliyesifiwa hadi Mkonde.

"Nyange anakaa wapi?"

"Hapa hutangazwa misiba na mbuzi waliopotea," Semboja akajibu. "Wewe umepotea?"

Mume akasonya, akaenda mwenyewe kuutafuta mlango unaotazama kisima. Aliuona. Mbele yake walisimama wanawake wa Kwedifunda, bega kwa bega, kila mmoja na ndoo iliyojaa, na Semboja akaja kusimama nao bila kuitwa. Nyange akatokea nyuma yao, kichwa juu.

"Hujakaribishwa hapa," alisema. "Rudi."

Mume akapiga hatua moja, ndoo zikainuliwa. Akageuka, akapanda lori lile lile lililomleta, na vigelegele vikamsindikiza mpaka vumbi likatulia. Nyange alifungua mizigo siku hiyo hiyo. Kiwanja alikipata, nyumba akajenga, na jiwe la kizingiti alilibeba Semboja begani.

Naam, Tunu, unataka kuuliza nini?

"Bibi, huyo Nyange ndilo jina lake hasa? Na nyumba yake iko wapi?"

Ah, mjukuu wangu! Kisima ni cha wote, kizingiti ni cha mwenyewe.