Kiti Kimoja cha Sikudhani

Mmekuja tena. Nimekaa zangu nachambua kunde, mgongo unaniuma, na nyinyi mnataka hadithi. Haya, mwenye simu aizime. Na nikimaliza mtu asiniulize, "Halafu, bibi?" Mtajibu nyinyi. Mimi niliishia darasa la pili, wasomi ni nyinyi.

Hapo zamani, si zamani sana, vocha za simu zilikuwa bado zinakwanguliwa, palikuwa na msichana aitwaye Sikudhani. Mama yake alikufa mapema. Akalelewa na baba yake, Mzee Isuja, fundi wa kuezeka mabati, na shangazi yake Maimuna, dada wa huyo mzee, mwanamke mwenye mdomo kama wangu. Sikudhani akafaulu, akapata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo nchi ya baridi, huko watu wanakolala na soksi.

Kule mgeni haishi hivi hivi. Anapewa kibali cha mwaka mmoja, na kibali kina siku yake ya kuharibika kama maziwa ya pakiti. Siku hiyo ikipita hujaongeza, unafunga begi, na shule ndiyo basi tena.

Mwaka wa tatu wakabadilisha sheria. Wakasema, sasa tunataka cheti cha kuzaliwa, chenyewe, si kivuli, na kiwe na mhuri wa wizara ya kwenu. Sikudhani alilisoma tangazo mapema, akasema ana mitihani, ataona baadaye. Naye si malaika. Alipokuja kushtuka, zimebaki wiki tatu.

Akapiga simu nyumbani. "Baba, cheti changu kiko wapi?"

"Kiko salama, mwanangu. Salama kuliko wewe."

Sikudhani alipokuwa anaondoka alimwambia, "Baba, bahasha hii ya cheti usiiguse." Mzee akaigusa. Alikipeleka cheti steshenari kikalaminetiwa, nailoni ngumu mbele na nyuma. Msichana wa dukani alimuuliza, "Mzee, na cha kuzaliwa pia? Nasikia hakitakiwi kubandikwa." Mzee akamjibu, "Wewe bandika. Nimeezeka nyumba za watu miaka thelathini, nitashindwa kuezeka karatasi?"

Hakuishia hapo. Alipita nyumba kwa nyumba akijisifu, na mtaa mzima ukamfuata. Vyeti vya watu vikang'aa kama sahani za harusi. Maimuna peke yake ndiye aliyekataa. "Karatasi zangu ziache zipumue."

Basi Maimuna akakichukua kile cheti, akapanda basi mpaka wizarani. Kijana wa mihuri akakigeuza, akagonga pembeni kidogo, akapitisha kidole. Wino wote ukaja na kidole.

"Mama, mhuri haushiki kwenye nailoni. Na ukiibandua, inaondoka na maandishi. Kalete kingine."

Kingine kinatoka wilayani alikozaliwa mtoto. Maimuna akapanda basi jingine. Karani akamwambia, "Vitabu vya miaka ile viko stoo, mama. Njoo kesho."

Akaja kesho. "Njoo kesho."

"Kesho ndiyo hii. Nimekuja nayo."

"Basi Jumatatu."

"Jumatatu utanikuta hapa hapa. Nimeleta mkeka."

Na kweli aliutandika, pale pale mbele ya dirisha la karani. Watu wakawa wanamruka. Siku nne. Siku ya nne karani akachoka kulalamikiwa na watu wanaojikwaa, akampa ufunguo. Maimuna akaingia kwenye vumbi na panya, akatoka na kitabu, kichwa cheupe kama amemwagiwa unga. Kikohozi alichokipata mle stoo anacho mpaka leo. Lakini cheti kipya kikatoka, wizara ikagonga mhuri, mhuri ukashika, bahasha ikapanda ndege.

Huko kwenye baridi Sikudhani alikuwa anakaa chumba kimoja na Esperansi, binti wa Bujumbura, mwaka wa mwisho. Vibali vyao wote wawili vilikuwa vinakufa siku moja, Ijumaa. Na ofisi ya uhamiaji ya mji ule hutoa namba arobaini kwa siku, ya arobaini na moja hakuna. Esperansi alipanga foleni tangu alfajiri kwenye theluji, kwa shida yake mwenyewe, akapata namba ya arobaini. Sikudhani amebaki chumbani anamsubiri mtu wa posta. Bahasha ikafika saa tano. Akakimbia nayo, anafika, namba zimekwisha.

Esperansi akamtazama. Akamwekea karatasi yake mkononi. "Shika."

"Na wewe je?"

"Mimi nimebakiza mtihani mmoja, wewe miaka miwili. Ingia. Na usinililie hapa, machozi yataganda."

Sikudhani akaingia, akaongezewa kibali. Esperansi alirudi Jumatatu, wakamwambia, umechelewa. Kwa kuwa umebakiza mtihani mmoja, ufanye, kisha una siku thelathini, nenda kwenu. Akafanya, akafaulu, akaondoka. Siku wenzake wanavaa majoho ukumbini, yeye yuko Bujumbura anafua. Shahada yake ilimfuata kwa posta.

Miaka miwili ikapita. Sasa zamu ya Sikudhani kuvaa joho. Chuo kikatoa kadi, kila mhitimu kadi moja, mgeni mmoja, kiti kimoja. Mwenye jina kwenye kadi ndiye atakayepewa viza. Sikudhani akawaweka baba, shangazi na Esperansi kwenye simu moja, akawaambia, semeni wenyewe, mimi nimeshindwa.

Maimuna akaanza. "Nani alilala kwenye simenti ya serikali siku nne? Ni mimi. Nani anakohoa? Mimi, sikilizeni." Akakohoa. "Kiti ni changu."

Esperansi akasema, "Shikamoo shangazi, shikamoo mzee. Nani alitoa namba yake? Ni mimi. Wote mtakaa ukumbini kumwangalia mtu akivaa joho. Mimi langu sikulivaa. Niliupita ukumbi ule kila siku miaka yangu yote ya chuo, sikuwahi kuingia siku ya sherehe. Kiti ni changu."

Ikabaki zamu ya Mzee Isuja. Maimuna akamcheka. "Na wewe fundi? Umelala?"

"Sijalala. Maimuna, nikuulize. Vitabu vya stoo vilikuwa vingapi?"

"Mia mbili na zaidi."

"Ulikaa mle muda gani?"

"Nusu saa."

"Uliijuaje namba ya kitabu?"

Maimuna akakohoa. Hapa kuna kitu sikuwaambia. Masika ya mwaka wa pili wa Sikudhani kule kwenye baridi, huku mto uliingia ndani, sanduku la karatasi likaelea. Kadi ya kliniki ya Maimuna ikawa uji. Hati yake ya shamba ikawa uji. Cheti cha Sikudhani walikifuta kwa kanga tu, na namba ya kitabu iliyoandikwa juu yake ikasomeka kama ya jana.

"Nani aliyekiezeka?" mzee akauliza. "Ni mimi. Kiti ni changu."

"Bila nailoni yako mhuri ungeshika mara ya kwanza!"

"Bila nailoni yangu ungepeleka uji wizarani!"

"Uliambiwa usiguse!"

"Niliambiwa."

Maimuna akamwambia, "Kiti tutakuja kukiamua. Kosa lina bei yake, na utailipa sasa. Kila uliyemdanganya hapa mtaani abandike cheti chake, utampeleka wilayani mwenyewe, ukae naye benchi mpaka apate kipya. Mkeka nitakuazima."

Mzee akalipa. Mtu wa kwanza, wa pili, wa tano. Fundi wa watu, mabati yanamsubiri, yeye yuko benchini na mkeka kwapani. Karani sasa anamwita Mzee Nailoni, akimwona tu ufunguo wa stoo unatoka wenyewe. Wa tisa alikuwa binti wa jirani, naye kapata chuo ng'ambo, na amekwenda na karatasi zake kamili, hakumkimbiza mtu.

Wakati huo Esperansi pasipoti anayo tangu chuo, na mzee na Maimuna walishachukua zao, kila mmoja kwa siri. Maimuna aliiona ya kaka yake ikichungulia mfukoni, akamwambia, "Hiyo usipite nayo steshenari."

Siku moja mzee yuko benchini na mtu wa kumi na mbili, amemkunjulia mkeka, simu ikalia. Sikudhani.

"Baba, kadi inarudi leo ofisini. Kalamu iko mkononi. Shangazi nimempigia, Esperansi nimempigia, na wewe nimekupigia. Mstari ni mmoja."

Mzee akasema, "Andika, mwanangu." Hakusema jina.

Haya, wasomi. Kunde zangu zimekwisha. Je, nani alistahili?