Jina Moja kwenye Shaba

Hapo zamani, si zamani ya sungura na fisi bali zamani ya taa na kamera, palikuwa na mji wa ng'ambo ulioishi kwa kutengeneza filamu. Kila mwaka waamuzi wa mji huo walimchagua mwigizaji bora wa kike, wakampa sanamu ya shaba. Sanamu ilikuja bila jina. Mwaka wa kwanza kabisa mchongaji alibahatisha mshindi akaandika mapema, akakosea, ikawa fedheha. Tangu hapo ikawa ada: mshindi hupanda jukwaani, mchongaji humuuliza, "Niandike nani?" na jina litakalotoka kinywani mwake ndilo linalochongwa, hata liwe si lake. Jina moja tu. Likishachongwa halifutwi.

Miaka sabini patasi ya mchongaji iligonga shaba, na katika miaka hiyo sabini haikuandika jina la mwanamke mweusi hata mmoja. Asitokee mtu akasema hawakuwepo. Walikuwepo, nyuma ya masinia, wakiigiza watumishi.

Mwaka wa sabini na moja, asubuhi, barua ikamfikia Nyamizi, mwigizaji mweusi: umeshinda, njoo alasiri. Nyamizi alikuwa ameingoja barua ile tangu ana miaka tisa. Aliisoma mara nne akiwa amesimama, ndipo akaenda kwenye jumba la tuzo. Wasusi wa jumba walizigusa nywele zake kwa ncha za vidole kama waliopewa nungunungu, wakasema hawana kitana chake. Basi, kama kawaida, akaitwa Bi Sikudhani.

Huyu alikuwa bibi wa miaka sabini na sita. Aliigiza katika filamu hamsini na tatu, na kila majina yalipopanda mwishoni, lake liliandikwa "Mtumishi". Kusuka alijifunza kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuwasuka wenzake.

"Inama, mwanangu," alisema. "Kichwa cha mshindi nacho huuma kama cha wengine."

Mara akaingia Kalunde, bila hodi. Alikuwa mwigizaji hodari kuliko wote wa rika lake, hadi alipoletewa sinia la tatu, akalitupa chini akasema habebi tena. Hakupewa kazi tena. Miaka kumi na tisa alisimama na bango mlangoni pa jumba lile, jua lake mvua yake, mpaka waamuzi waliokuwa wa rangi moja wakapunguzwa, wakaongezwa wa rangi nyingine.

"Shikamoo, Bi Masinia."

"Marahaba, Bi Mabango. Leo umekuja kugomea nini, msuko?"

"Nimekuja kumwona mshindi. Miaka yote hii, na filamu iliyoshinda ni ya nini? Ya mtumishi."

"Dada Kalunde, leo usinianze," Nyamizi alisema.

"Sikuanzi. Nauliza tu, waamuzi waliokuchagua waliwekwa pale na nani?"

Vidole vya Bi Sikudhani vikasimama kichwani. "Na lile tendo lako lililowatoa machozi, la kuweka sinia chini na kutazama bila neno, lilitoka wapi?"

Nyamizi alilijua lilikotoka. Katika filamu moja ya zamani Bi Sikudhani aliambiwa aweke chai atoke. Aliiweka chai, hakutoka. Aliitazama kamera kwa pumzi tatu, na mwongozaji akasahau kuzikata. Nyamizi aliziona pumzi zile akiwa na miaka tisa.

"Lilitoka kwako, Bi. Sijawahi kukana."

"Basi nitasema, haya zimeshaniishia. Nilibeba masinia ili mlango usifungwe kabisa. Natamani nilione jina langu limeandikwa mahali. Mara moja, kabla macho hayajazimika."

"Mimi jina silitaki," alisema Kalunde. "Naongopa. Nalitaka mpaka linanikaba. Filamu hamsini zingekuwa zangu mimi. Nimebaki na mbili na bango."

"Na mimi je?" Sauti ya Nyamizi ilikuwa ndogo. "Niliingia mto wa barafu mara ishirini na mbili kwa onyesho moja. Hakuna aliyeingia maji yale kwa niaba yangu. Nyinyi mkisema nimepata kwa sababu yenu, na watu wa mji wakisema nimepata kwa huruma, mtakuwa mmesema neno lile lile: kwamba sikuigiza."

Bi Sikudhani akaufunga msuko wa mwisho.

Alasiri Nyamizi akapanda jukwaani. Kalunde alikuwa safu ya nyuma, ameketi ukumbini kwa mara ya kwanza. Bi Sikudhani hakuwa na mwaliko, alikuwa na kibali cha msusi tu, kwa hiyo alisimama ukutani, katikati ya wahudumu. Nyamizi aliwaona wote wawili. Aliiona na shaba, laini, haina alama, na moyo ukamvuta kwake kama kiu.

Mchongaji akainua patasi. "Bibie, niandike nani?"

Midomo ya Nyamizi ikafunguka.

Sasa nyinyi mliokaa hapa, semeni. Atakayejibu "wote watatu" hakusikiliza. Jina ni moja, na mwakani huenda patasi ikarudia mazoea yake. Je, mnalistahi jina la nani mpaka mtake likae pale milele: la Sikudhani, la Kalunde, au la Nyamizi mwenyewe?