Kidoa wa Mikokoni, Mnono wa Funguni

Soma taratibu, na ukimaliza umpelekee aliyekulea.

Kijiji cha Mikokoni kilikuwa ndani ya hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, penye maji matulivu na mizizi ya mikoko. Kijiji cha Funguni kilikuwa nje, kikitazama mwamba na bahari kuu.

Watu wa Mikokoni walivua samaki mdogo mwenye doa jeusi karibu na mkia. Walimwita kidoa. Watu wa Funguni walivua samaki mkubwa, mpana, asiye na doa lolote. Walimwita mnono.

"Sisi tuna wanono," Funguni walijisifu. "Jirani zetu wana vidagaa vyenye madoa."

Mikokoni walikuwa na mwiko wao: hakuna kuburuta wavu horini. Kidoa alivuliwa kwa mshipi tu, wa kutosha chungu cha siku hiyo.

Ukaja mwaka wanono wakaadimika. Funguni wakataka kuingiza nyavu zao horini. Mikokoni wakakataa. Maneno yakawa makali, hata pande zote mbili zikakubaliana kwamba atakaloamua Mwalimu Kheri ndilo litakalofuatwa.

Kheri alizaliwa Funguni na akasomea samaki chuo kikuu. Mkewe, binti wa Mikokoni, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliyewasemea Mikokoni alikuwa mama wa marehemu, Bi Mkasi.

Bwana Mwinyihaji, mkubwa wa wavuvi wa Funguni, akamvuta Kheri pembeni.

"Mwanangu, wewe ni wetu. Usimwogope mkweo."

"Mkwe wangu simwogopi," Kheri akajibu. "Namheshimu."

Akaanza kazi. Aliwapima samaki wa horini na wa mwambani. Aliwapasua matumbo kutafuta mayai. Alitoa kijiwe kidogo kilichomo sikioni mwa kila samaki, kijiwe kinachoongeza pete kadiri samaki anavyokua, kama shina la mti.

Siku ya kikao, ukumbi wa shule ulijaa.

"Horini sikumwona mnono," Kheri akasema. "Na kidoa hata mmoja sikumkuta na mayai."

"Si nilisema!" Mwinyihaji akaruka. "Wao wana wao, na sisi tuna wetu. Turuhusu, Mwalimu, tukaanike hivyo vidagaa!"

Funguni wakapiga makofi. Bi Mkasi akavuta kanga yake mabegani.

"Nina swali, Bwana Mwinyihaji. Umevua mwambani tangu ujana wako. Umewahi kumwona mtoto wa mnono?"

Mwinyihaji akageuka kuwatazama wavuvi wenzake.

"Labda huzaliwa na ndevu kabisa!" mtu akapaza sauti nyuma. Watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Wa kwetu wana mayai, lakini hatuwaoni watoto wao," Kheri akaendelea. "Wa Mikokoni ni watoto, lakini hatuwaoni wazazi wao. Nilipokata kijiwe cha mnono, pete yake ya ndani kabisa, ile ya utotoni, ilikuwa ileile ya kidoa. Mnono hutaga mwambani. Maji huyapeleka mayai horini. Mtoto hukulia huko akiitwa kidoa. Akikomaa hutoka, doa hufifia, nasi tunampa jina jingine. Wamepungua kwa sababu tunawavua wakiwa na mayai. Tukiburuta wavu horini, tutawamaliza."

"Mwalimu," Mwinyihaji akasema kwa sauti ya chini, "majina mawili, samaki mmoja?"

Kheri akamtazama Bi Mkasi.

"Mke wangu, kule Mikokoni alikuwa Mwanamize. Alipokuja kwetu mkamwita Mama Tima. Mimi nilimzika mtu mmoja."

Hakuna aliyepiga makofi.

Kheri akashuka jukwaani, akaenda kusimama mbele ya mkwewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ahsante kwa kutulelea."

Hakutaja ni nani aliyelelewa. Bi Mkasi hakuuliza.

Wavu haukuingia horini. Funguni nao wakaacha kuvua wakati wa mayai. Wanono waliporudi, katika wale wa kwanza Mwinyihaji alimchagua aliye mzuri kuliko wote, akamfunga kwa ukindu na kumpeleka Mikokoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Dada, tumekuja kushukuru," akasema. "Tumechelewa."

Bi Mkasi akampokea yule samaki kwa mikono miwili. Akamgeuza, akapapasa karibu na mkia, mahali palipokuwa na doa.

"Karibu nyumbani, kidoa," akasema. "Umenenepa huko kwa watu!"

Mwinyihaji akacheka mpaka akajifuta macho. Tangu siku hiyo, mnono wa kwanza wa kila msimu huliwa Mikokoni.

Funzo: Kabla hujajisifia ulichonacho, uliza kilikulia mikononi mwa nani, kisha rudi ukashukuru.