Namkunda na Mlinzi wa Zizi la Waliopotea

— Nifungue zizi?
— Fungua!
— Hadithi ikitoka mtaishika?
— Tutaishika!

Basi kaeni vizuri. Na wewe uliye mlangoni, ingia, unatuletea baridi.

Hapo zamani, kijiji kimoja cha milimani kilikuwa na zizi la mawe. Ng'ombe akionekana anazurura, alifungiwa humo. Mwenyewe alisimama mlangoni akamwita mara tatu. Akimfuata, ni wake. Asipomfuata, anakuwa mali ya mlinzi.

Mlinzi aliitwa Kirumbi. Alikuwa na tamaa huyo, siwafichi. Alipita malishoni na mfuko wa chumvi, akawalambisha ng'ombe wa watu, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka wakamfuata wenyewe hadi zizini.

Siku moja akafungiwa Madoa, ng'ombe pekee wa Bibi Namkunda. Bibi alikuwa analea wajukuu pacha, na maziwa ya Madoa ndiyo chakula chao. Akaja mbio. Kijiji kizima kikaja, na mfalme akaja.

"Madoa, njoo!" Kimya.

"Madoa, mama, njoo!" Kimya.

"Madoa, watoto wanalia, njoo!" Madoa akageuka, akaenda kumlamba Kirumbi mkono.

Bibi alitaka kulia, jamani. Mara akaona kiganja cha Kirumbi kina weupe weupe. Machozi yakarudi yalikotoka.

"Mwanangu Kirumbi," akasema, "kumbe ng'ombe anakupenda. Hebu mwite na wewe tusikie. Ila paza sauti, masikio yangu yamezeeka."

Kirumbi akavimba kichwa, akapaza sauti: "Njoooo!"

Mnaona alivyojimaliza? Ng'ombe wakatoka mabondeni. Wakatoka migombani. Wakatoka kwa mfalme mwenyewe, wamevunja ua. Wote mbio, ndimi nje! Wakamwangusha, wakamlamba mikono, wakamlamba masikio, wakachana mfuko, chumvi ikamwagika mbele za watu. Kirumbi akawa anacheka kwa mtekenyo huku analia.

"Hata fahali wangu, Kirumbi?" mfalme akauliza.

Kila mtu akachukua ng'ombe wake. Jioni ile pacha walikunywa maziwa mpaka wakabeua, na bibi akacheza ngoma peke yake jikoni.

Kirumbi je? Akafungiwa zizini, mpaka mwenyewe aje amwite. Wakamleta mkewe. "Mama, huyu ni wako?"

Mke akamtazama, akamtazama tena. "Kwa sura namfahamu," akasema. "Acheni alale humo. Kesho nikimaliza kupalilia, nitajaribu kumwita."

Nami nafunga zizi langu. Hadithi hii mkiikuta inazurura, iiteni kwa sauti, itawafuata nyumbani.