Mkwe Aliyefunga Bucha

Wapendwa, nitegeeni sikio kidogo kabla ya somo, na wale wa viti vya nyuma wekeni simu mfukoni.

Kulikuwa na mama mmoja, mke wa mvuvi, katika kijiji kimoja kule kaskazini mwa Tanga, karibu na mpaka. Kijiji chenyewe kidogo. Ukipiga chafya nyumba ya kwanza, wa nyumba ya mwisho anakuambia afya. Siku moja mwanawe anayefanya kazi Dar es Salaam akampigia simu.

"Shikamoo mama. Baba mkwe anataka kuja kupumzika kwenu. Siku nne."

"Marahaba. Kwetu? Kwani hoteli zimefungwa?"

"Mama, amesema kwenu. Mzee huyu hajawahi kwenda likizo miaka thelathini."

Baba mkwe huyo alikuwa na bucha huko upande wa Moshi, bucha inayojulikana, nyama inaning'inia mpaka barabarani. Mama alipokata simu akakaa chini pale pale jikoni. Furaha hakuipata. Alichopata ni hofu, na hofu hiyo ilikuwa na historia.

Miaka mitatu nyuma, siku walipopeleka posa ya mwanawe nyumbani kwa mzee huyo, wanaume walikuwa mbele wanasifiana, na wanawake walikuwa jikoni. Shangazi mmoja wa binti akamnong'oneza mwenzake, mnong'ono ule wa kusikika na kila mtu: "Na watoto wake nao watanuka samaki?" Jikoni kote kicheko. Mama wa watu naye akacheka, maana ugenini utafanyaje? Lakini neno lile lilimwingia, na tangu siku hiyo akinawa mikono hunawa mara mbili. Kina mama mnanielewa. Kina baba mtaelezwa nyumbani.

Sasa mkuu wa nyumba ile ndiye anakuja. Anakuja kuona mwanawe ameolewa wapi. Akirudi na dharau, dharau itamwangukia binti, na mama yule alimpenda mkamwana wake kama aliyemzaa mwenyewe. Akaapa: mzee huyu hatanusa samaki ndani ya ua wangu, hata mara moja.

Mipango ikaanza, wiki tatu kabla. Nyavu zikahamishwa nyuma kabisa, zikajengewa kibanda cha makuti. Vyungu vikasuguliwa kwa majivu na ndimu. Mumewe akaamriwa, akishuka tu kwenye ngalawa, samaki wote waende moja kwa moja kwenye boksi la barafu la mtu wa bodaboda. Boksi hilo likawa linatoka asubuhi na samaki kwenda mjini, linarudi adhuhuri na nyama ya ng'ombe. Hebu lioneni boksi hilo, wapendwa. Linatoka na samaki wabichi, linarudi na nyama ya jana.

Mume akajaribu kusema neno. "Mke wangu, mtu wa bucha unamlisha nyama?"

"Ndicho chakula alichozoea. Unataka akaseme tulimpa kitoweo cha shida?"

"Lakini mtu akija pwani..."

"Wewe hukuwepo jikoni siku ya posa," mama akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mgeni akafika. Mzee mkubwa wa mwili, mpole, ana begi dogo na kofia mpya ya jua ambayo lebo yake bado haijatolewa. Siku ya kwanza akakaribishwa kwa pilau la nyama. Siku ya pili mchuzi wa mbuzi. Siku ya tatu mishikaki, na supu ya makongoro ya kutangulizia. Kila mara mzee ananawa, anakula, anasema, "Ahsante mkwe, Mungu akubariki." Kisha anageuza shingo, anatazama kule baharini, anakaa hivyo muda mrefu.

Siku ile ya pili alithubutu kuuliza. "Mkwe, samaki wa huku wanavuliwa saa ngapi?"

"Ah, mkwe wangu, siku hizi bahari haina kitu."

Wapendwa, alidanganya. Ngalawa ya mumewe ilikuwa imerudi asubuhi ile na changu na tasi mpaka pomoni. Alidanganya kwa heshima, kama tunavyodanganya wengi wetu, na mzee kwa heshima akakubali, akachukua kipande kingine cha mbuzi. Siku ya tatu akabakiza nusu sahani. Mama aliiona ile nusu sahani na roho ikamshuka. Akajiuliza kimekosekana nini. Chumvi? Nyama ngumu? Akaamua kesho, siku ya mwisho, atachinja jogoo.

Asubuhi ya siku ya nne akagonga mlango wa chumba cha mgeni na kikombe cha chai mkononi. Kimya. Akasukuma. Kitanda kimetandikwa, mtu hayupo. Jamani! Ameondoka! Ameondoka bila kuaga, na mkwe akiondoka bila kuaga mnajua maana yake. Akajifunga kanga vizuri, akakimbia mpaka kituo cha basi. Hapakuwa na mtu. Akarudi anapita nyuma ya nyumba ili majirani wasione machozi, na hapo ndipo alipoona moshi unatoka kwenye kile kibanda cha nyavu.

Akachungulia.

Mumewe amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anapepea. Ilikuwa siku ya nne yule mwanamume anajifungulia mgahawa wake wa siri humo, maana nyama ilikuwa imemshinda. Na pembeni yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameketi mwenye bucha. Shati kavua. Kofia kaitupa juu ya nyavu. Anamla tasi kwa mikono miwili, pilipili na ndimu zinamchuruzika mpaka kiwikoni, anatoa miiba mdomoni taratibu kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote duniani.

Mzee alipoinua macho akamwona mkwewe mlangoni, akashtuka, akaficha samaki nyuma ya mgongo. Mzee mzima!

"Mkwe, nisamehe sana. Nilisikia harufu, nikaifuata. Sikutaka uone nimedharau chakula chako."

Aibu ya miaka mitatu ilikuwa imempanda mama usoni. Akasema, "Mimi ndiye wa kuomba radhi, mkwe. Huku sikupanga ufike. Huku ni mahali pa kuwekea nyavu, pananuka."

"Pananuka!" mzee akasema. "Mkwe, miaka thelathini nakata nyama. Nikilala nainusa, nikiamka nainusa. Mwanangu kila akija nyumbani hana hadithi nyingine, ni samaki wa kupaka wa mama mkwe tu. Anasema siku ya kwanza ulipompa kichwa cha samaki kwa mkono wako ndiyo siku aliyojua amepata nyumba. Nimefunga bucha nije nile alichokula mwanangu. Siku tatu nakungoja."

Mama akasimama pale, machozi yanamtoka waziwazi, hakuyafuta. Kisha akaingia ndani ya kibanda, akamnyang'anya mkwewe yule samaki mkononi.

"Huyu hajapakwa hata nazi," akasema. "Amekuchomea mwanamume, anajua nini? Inuka hapo, twende jikoni. Nakuna nazi sasa hivi."

Mzee aliongeza siku tatu juu ya zile nne. Bucha ikabaki imefungwa, na watu wa huko kwao wakala maharage.

Sasa niwaulize. Yule mama alikuwa mchoyo? Hapana. Alikuwa mvivu? Nani aliyehangaika kuliko yeye? Alimpa mgeni vyote isipokuwa kile kimoja ambacho mgeni alikifuata.

Na sisi je? Sisi tuliokaa hapa tumepiga pasi? Tunamkaribisha Mungu kwa maneno ya kuazima. Mwinjilisti akija kutoka mjini akaomba kwa sauti ya kutetemeka, wiki ijayo kanisa zima tunatetemeka. Nakuuliza wewe, fundi baiskeli, lini umemwambia Mungu habari za baiskeli? Wewe mama uliyegombana na binti yako leo asubuhi mkiwa njiani kuja hapa, nimewaona, mliingia kwa milango miwili tofauti, mbona ugomvi umeuacha nje, ukaingia na tabasamu? Unaona maisha yako yananuka. Unaona si ya kuwekwa mezani mbele ya Mgeni wa namna hii. Kwa hiyo unamwandalia nyama ya mjini, na Yeye kwa upole wake anapokea, anashukuru, anageuza shingo kutazama kule uani.

Lakini hachoki, wapendwa, na hiyo ndiyo habari njema ya leo. Haondoki bila kuaga. Ukimkosa chumbani usikimbilie kituo cha basi. Yuko nyuma ya nyumba, pale pale ulipopajengea kibanda ili asipaone, ameketi juu ya ndoo, na ameshakula. Haya maisha yako ya kila siku, yenye miiba, ndiyo aliyoyafungia safari.

Basi leo sitawaombea. Nilikuwa na sala ndefu hapa, nzuri, nimeiandika tangu Alhamisi, naikunja. Kila mmoja afumbe macho amwambie lile alilolificha uani, kwa lugha anayoongea nyumbani. Mimi nanyamaza.